Mrejesho: SUV ya kilomita 240,000 iliyochemsha Kitonga

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama niuze gari au nitengeneze, maana mshale wa joto ulikuwa unapanda kila nikikwea mlima Kitonga kwenda Iringa. Fundi wangu alishataka kufungua silinda hedi (kichwa cha injini), akishuku gasketi yake imeungua.

Sikumruhusu. Nilifuata ushauri wenu nikaenda kwa fundi mwingine, akapima presha ya mfumo wa maji kwanza. Gasketi nzima kabisa! Tatizo ni rejeta, ile inayopoza maji ya injini: imeziba kwa kutu, kwa sababu mwenye gari wa kwanza alijaza maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya kupoza injini). Na mfuniko wake ulikuwa umechoka, haushiki presha, kwa hiyo maji yanachemka mapema.

Kituko kingine: termostati, vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, haikuwepo. Iling'olewa "ili injini ipoe". Kumbe ndiyo maana asubuhi gari lilichelewa kupata moto na kunywa mafuta kama lori. Tumerudisha mpya.

Rejeta nimenunua mpya, kuzibua ile ya zamani niliona ni kujidanganya. Oili ya injini sasa namwaga kila kilomita 5,000. Ya gia boksi tumemwaga na kujaza kawaida tu, bila kuisukuma kwa mashine. Mlinitisha kuhusu hiyo mashine na nikatishika.

Jumamosi nimepanda Kitonga na familia, mizigo juu, nyuma ya malori. Mshale katikati. Bushi za mbele (raba za kwenye miguu ya gari) bado zinagonga, nasubiri mshahara.