AOS kwenye viza ya Marekani: ni ile ya dola 120 au ile ya I-485?

Steshenari_Kirumba
Habari za jioni wakuu. Hapa Kirumba, Mwanza, tunasaidia watu kujaza fomu, na tumekwama kwa mama mmoja anayemfuata mume wake, raia wa Marekani aliyeko Minnesota. I-130 (fomu ya mume ya kumwombea mkewe) imeshakubaliwa, faili liko NVC, kituo cha Marekani kinachoandaa mafaili ya viza kabla ya usaili. Kwenye CEAC, tovuti ya kulipia na kujaza ombi la viza, kuna ada mbili: "AOS" dola 120 na "IV" dola 325 (ya ombi lenyewe la viza ya uhamiaji). Tukitafuta AOS mtandaoni tunaambiwa mwombaji lazima awe ndani ya Marekani, ajaze I-485 na alipe dola 1,440. Huyu mama hajawahi kuvuka mpaka. Afuate ipi? Na ada hizo zinalipika kwa kadi ya benki ya hapa?

Sheria_Ziwani
Msiguse I-485, mkuu. Mmekutana na AOS mbili tofauti.

Hiyo ya dola 120 ni Affidavit of Support, fomu I-864. Ni mkataba: mume anaahidi mbele ya serikali ya Marekani kwamba atamtunza mkewe asiwe mzigo kwa misaada ya umma. Ile mliyoikuta mtandaoni ni Adjustment of Status, yaani mtu ambaye tayari yuko Marekani kuomba ukaazi wa kudumu hukohuko bila kupitia ubalozini. Watu huchanganyikiwa kwa sababu anayepeleka I-485 kwa njia ya ndoa naye huambatisha I-864, ila yeye halipi hiyo 120.

Ukikuta AOS popote, tazama kwanza barua imetoka kwa nani. NVC hawashughuliki na I-485. Hiyo ni kazi ya USCIS, idara ya uhamiaji iliyoko ndani ya Marekani. Namba ya faili nayo inasema. Ya NVC huanza na herufi tatu za kituo cha viza, mwaka, halafu siku ya mwaka ikiwa imeongezwa 500. NRB2024532… ni faili la Nairobi lililofunguliwa siku ya 32 ya 2024, yaani Februari 1. Za USCIS huanza na herufi kama IOE, MSC au LIN.

Malipo: CEAC hupokea kutoka akaunti ya benki iliyoko Marekani tu. Kadi ya hapa wala M-Pesa haipiti, kwa hiyo mume ndiye alipe, ada moja baada ya nyingine. Subirini isomeke PAID ndipo muendelee na DS-260, fomu ya mtandaoni ya ombi la viza.

Mkalimani_wa_Fomu
Naongezea kwenye I-864, maana hapo ndipo mafaili mengi hurudishwa.

Anayesaini ni mume, si mama. Asaini kwa kalamu kisha askani. Jina lililochapwa kwa kompyuta kwenye nafasi ya saini hurudisha fomu. Atumie toleo la sasa la fomu, na aambatishe nakala rasmi ya kodi kutoka IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) ya mwaka wa karibuni, au fomu 1040 (ritani ya kodi) pamoja na W-2 (taarifa za mshahara kutoka kwa mwajiri) zake zote.

Kipato kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini. Kwa viwango vya 2025, kaya ya watu wawili Minnesota ilikuwa dola 26,437. Watatu ilikuwa 33,312. Hubadilika kila mwaka, kwa hiyo soma fomu I-864P (jedwali la viwango hivyo) ya mwaka husika. Kosa la kawaida ni kuhesabu kaya vibaya: mume anajihesabu yeye na mkewe, anasahau watoto wake wa ndoa ya kwanza wanaomtegemea.

Kipato kikiwa chini ya hapo, atafute mdhamini mwenza: raia au mwenye Green Card (kadi ya ukaazi wa kudumu), miaka 18 au zaidi, anayeishi Marekani. Si lazima awe ndugu, lakini anajaza I-864 yake mwenyewe. Huyo mdhamini aelezwe ukweli wote kabla ya kusaini: talaka haifuti ahadi hiyo. Inabaki mpaka mhamiaji apate uraia, akamilishe robo mwaka 40 za kazi, aondoke Marekani kabisa au afariki. Kumsainisha mtu bila kumwambia hilo ni kumdhulumu.

Steshenari_Kirumba
Asanteni sana. Mama ana binti wa miaka 9, si wa huyu mume. Jina lake halionekani CEAC. Tumwongeze kwenye DS-260?

Sheria_Ziwani
Mtajeni kama mtoto wake, ila hilo halimpi viza. Mke wa raia hasafiri na mtoto kwenye faili lake. Mume apeleke I-130 ya pili ya mtoto wa kambo, na inakubalika mradi ndoa ilifungwa kabla binti hajatimiza miaka 18. Angekuwa mume ana Green Card tu, binti angeingia kwenye faili la mama. Pelekeni sasa, kwa sababu mama akipangiwa usaili kesho, binti bado atakuwa nyuma kwa miezi mingi.

Mkalimani_wa_Fomu
Mjihadhari na AP pia, nayo ina maana mbili. Mama akiambiwa AP baada ya usaili, ni Administrative Processing, uchunguzi wa ziada chini ya kifungu 221(g), na hati wanayoitaka huandikwa kwenye karatasi anayopewa dirishani. AP ya walioko Marekani ni Advance Parole, kibali cha kusafiri kwa fomu I-131 wakati I-485 bado haijajibiwa. Akitoka bila hicho, kwa kawaida I-485 yake huhesabiwa ameitelekeza. Na mkiletewa karatasi za Uingereza zenye AOS, hiyo ni Acknowledgment of Service, ya mahakamani: majibu ya serikali kwamba imepokea shauri, yenye muda wa siku 21. Haina ada ya kulipia wala fomu ya mdhamini.