Naombeni ushauri: naongeza hewa ukaa chumba cha nyanya, maua yanadondoka

Mama Ipuli: Habari zenu wadau. Niko Tabora mjini, Ipuli. Chumba kimoja nimekigeuza cha nyanya na mchicha. Nilisoma kwamba mimea hula hewa ukaa, ukiizidisha ndani inakua haraka. Wiki ya tatu sasa naiongeza. Mchicha uko vilevile, nyanya zinakunja majani, na maua yanadondoka. Asubuhi nazoa kiganja kizima sakafuni. Niongeze au nipunguze? Nina oda za watu.

Nyuki Mkubwa: Pole dada. Nyanya zinataka samadi ya mbuzi iliyooza, basi. Mimi huku Sikonge nilivuna mpaka nikagawia majirani, na hiyo hewa sikuijua.

Shamba Darasa: Unaiongeza kwa njia gani? Hamira na sukari?

Mama Ipuli: Njia ya kawaida tu. Mwanga upo, dirisha na taa mbili. Nisaidieni kwenye maua.

Shamba Darasa: Kawaida ipi, dada? Bila hilo tutakupotosha.

Mama Ipuli: Jiko la mkaa. Nawasha saa mbili usiku, nafunga mlango na dirisha. Lakini ni mkaa wa mti mgumu, naupepea nje mpaka ushike wote, hautoi moshi hata chembe. Na usiku huu wa Julai baridi ni kali, linasaidia. Magunia mawili nimeshanunua, siwezi kuyatupa.

Mwana wa Bani: Umenikumbusha Urambo, kwenye bani la babu, kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto. Tulikuwa tunachochea kuni kwa zamu usiku kucha. Siku moja ilinyesha, binamu yangu akaingiza jiko kibandani, akajifungia. Mkaa ulikuwa mwekundu, moshi hakuna. Alfajiri tulimburuta nje kwa miguu, hajitambui. Alipona, Mungu mkubwa, ila siku tatu alikuwa anatapika.

Shamba Darasa: Dada, mkaa kwenye chumba kilichofungwa hautoi hewa ukaa peke yake. Unatoa na kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaua. Kutokuwa na moshi si usalama.

Kuhusu mimea: hewa ya nje ina hewa ukaa kama sehemu 420 kwa milioni. Wakulima wa Uholanzi kwenye mabanda ya vioo huipandisha hadi 800 au 1,000, lakini mchana, penye mwanga wa kutosha. Usiku mmea hauitumii, nao unaitoa. Mchicha ni kama mahindi, una namna yake ya kuikusanya, ndiyo maana hujaona tofauti. Maua nayo nashuku etilini, gesi ileile inayoivisha ndizi ukizivundika kwa moshi. Mkaa usioungua vizuri unaitoa, na nyanya haiivumilii.

Nani analala karibu na hicho chumba?

Mama Ipuli: Mdogo wangu, yuko kidato cha pili. Chumba chake ni cha pili yake, si humo. Ila ukuta haujafika kwenye paa. Anaamka kichwa kinamuuma, nikajua ni kusoma sana.

Kijiwe cha Stesheni: Hii chai. Tabora jua lote hili, nani analima nyanya chumbani? Halafu kichwa cha mtoto kinakuja mwishoni, kama tamthilia. Wadau msipoteze bando.

Nyuki Mkubwa: Hata mimi nilijiuliza. Mchicha ndani ya nyumba!

Mama Ipuli: Ningetunga ningesema zimezaa. Uwani mwenye nyumba kamwaga mchanga na kokoto, anajenga. Palipobaki kuku wake wanaparua. Nyanya ziko kwenye madumu ya lita 20 niliyoyakata ubavuni, kumi na moja, na dirisha nimelifunika nailoni. Sikutaja jiko kwa sababu nilijua mtanisema.

Mwana wa Bani: Hata kama ni chai, mtu mwingine mwenye jiko ndani anasoma hapa. Dada, mtoe mtoto kwanza.

Kijiwe cha Stesheni: Basi weka picha.

Mama Ipuli: Picha baadaye. Jiko nimelitoa barazani, madirisha yote yako wazi. Nimemwamsha, amekaa nje na shuka anasema anasikia kizunguzungu. Bodaboda iko njiani, tunaenda hospitali.

Shamba Darasa: Ukifika sema wazi kwamba alilala karibu na jiko la mkaa, lianze hilo kabla ya kichwa. Na wewe upimwe.