Ushahidi upo wazi, dawa haifiki wodini: safari ya artesuneti

Mtakwimu_Tanga:
Wakuu, naomba mwongozo wa wanaoijua kazi hii. Utafiti wa AQUAMAT ulilinganisha sindano ya artesuneti na ya kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika hospitali za nchi 9 za Afrika, zikiwemo za Korogwe na Muheza (Tanzania) na Kilifi (Kenya). Matokeo yakatoka 2010, na 2011 Shirika la Afya Duniani likabadili mapendekezo yake: artesuneti badala ya kwinini. Mwenye ushahidi wa aina hii aanzie wapi ili uwe sera, na mara nyingi mambo hukwama wapi?

Kalamu ya Sera:
Anzia kwenye namba yenyewe. Wengi huandika "vifo vimepungua kwa asilimia 22.5". Ni kweli, lakini mpanga bajeti hana pa kuishika. Andika hivi: kwa kwinini walifariki watoto 297 kati ya 2,713, kwa artesuneti 230 kati ya 2,712. Yaani ukiwatibu watoto 41 kwa artesuneti badala ya kwinini, unaokoa mmoja zaidi. Hapo Mganga Mkuu wa Wilaya anafungua rejesta ya wodi na kupiga hesabu ya kwake.

Kwenye gharama, usilinganishe bei ya kichupa kwa kichupa, utashindwa. Dozi ya kwanza ya kwinini huenda kwa dripu ya muda wa saa 4, nesi akiichunga, na dawa hiyo huweza kushusha sukari ya mtoto. Artesuneti huchomwa kwa dakika chache. Vifaa vya dripu, glukosi na muda wa nesi viingie kwenye jedwali.

Na madhara yaandikwe. Wapo wanaopungukiwa damu wiki kadhaa baada ya artesuneti, kwa hiyo pendekeza wapimwe damu siku ya 7, 14 na 28. Mjumbe wa kamati akiliibua hilo wakati wewe umelinyamazia, hata namba zako nzuri hazitaaminika tena.

Bohari_na_Bajeti:
Naongezea upande wa pili, maana sera nyingi hufia kwenye oda. Kubadili mwongozo wa tiba hakutoshi. Dawa lazima iwe imesajiliwa, iingie Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu, kisha ionekane kwenye katalogi ya Bohari ya Dawa. Ikikosekana hatua moja tu kati ya hizo, mfamasia hana namna ya kuagiza. Na kalenda: mwaka wa fedha huanza Julai 1, ila Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri huandaliwa miezi kadhaa kabla. Ukipeleka ushahidi Mei, umeshakosa mwaka mzima.

Kosa kubwa kuliko yote ni makadirio. Kichupa cha kawaida kina miligramu 60. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo, hivyo kichupa kimoja kwa dozi. Dozi za saa 0, 12 na 24 ni vichupa 3. Mtu mzima wa kilo 60 hupewa miligramu 2.4 kwa kilo, yaani 144: vichupa 3 kila dozi, 9 kwa siku hiyo. Tuseme wodi inalaza watoto 400 na watu wazima 100. Unahitaji 1,200 na 900, jumla 2,100. Anayekadiria vichupa 3 kwa kila mgonjwa ataagiza 1,500, kisha dawa ikiisha watu watasema sera ni mbovu.

Mtakwimu_Tanga:
Hapo kwenye watu wazima pamenifungua macho. Na kwinini iliyobaki stoo?

Nesi_wa_Wodi:
Ibaki kama akiba ya siku artesuneti inapokosekana, ndugu. Ukiiondoa kabla mzigo mpya haujafika, mgonjwa anakosa zote mbili.

Ila mafunzo yawekewe fungu, maana uchanganyaji ni tofauti kabisa. Poda huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikaboneti hadi iwe angavu, ndipo huongezwa maji ya chumvi: mililita 5 kwa mshipa, 2 kwa msuli. Itumike ndani ya saa moja, inayobaki imwagwe. Kosa la kawaida ni kusimamisha sindano mtoto akishazinduka. Dozi 3 za mwanzo zikamilike hata kama anacheza kitandani, halafu apewe dawa mseto (vidonge vya malaria vyenye dawa zaidi ya moja) siku 3 kamili, vinginevyo vimelea hurudi. Kwenye fomu ya ufuatiliaji wekeni safu mbili: "dozi 3 zimekamilika" na "amepewa dawa mseto". Idadi ya vichupa vilivyotumika haiwezi kuwaonyesha hayo.