Mmea usiohitaji kutunzwa: tuupande au tuuogope?

Ndugu zangu mnaolima bila pampu, bila mbolea ya kununua na bila kununua mbegu kila msimu, kuna sifa moja tunayoipenda kuliko zote: "Huu ukishaupanda, kazi imekwisha." Naomba tuijadili sifa hiyo, maana kwangu imegeuka kuwa onyo.

Msimamo wangu ni huu: mmea sugu unaojisambaza kwa mbegu asiupande mtu asiye na uhakika wa kuwepo shambani kila msimu.

Nilipanda miti ya lukina mpakani. Nilitaka kuni, malisho ya mbuzi na mti wa kurutubisha udongo. Miaka ya 1970 lukina ulisifiwa katika nchi za joto kuwa mti wa miujiza, na mwaka wa kwanza niliamini. Mwaka uliofuata nilichelewa kukata. Maganda yakakauka, yakapasuka juani. Ganda moja lina mbegu ishirini hivi, bapa, za kahawia, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Mvua iliponyesha, chini ya miti hapakuonekana udongo, ni miche mitupu. Mche mchanga unang'oka kwa vidole viwili. Ukiuacha ukomae kidogo, unavuta mpaka kiganja kinawaka moto, shina linakatikia usawa wa ardhi, kisha kisiki kinachipua upya. Bado nang'oa hadi leo, kwa kuwa mbegu hizo ngumu hulala ardhini miaka na miaka.

Wanaonipinga wana hoja nzito. Wanasema ardhi iliyochoka haichagui, na palipo na mmomonyoko mti wowote ni heri kuliko upara. Wengine wanasema dawa ya mti unaosambaa ni kuutumia zaidi. Hili nalikubali nusu: ukikata kabla haujafunga mbegu, unapata malisho na hausambai. Lakini mtu huugua, husafiri, huzeeka. Mti haumsubiri.

Tazameni Australia. Dungusi kakati, mmea wa miiba, ulipelekwa kule kama mmea wa faida, ukapandwa kuwa ua. Kufikia miaka ya 1920 ulikuwa umefunika hekta zipatazo milioni 24, na wako waliohama mashamba yao. Waliukata, wakauchoma, wakaunyunyizia sumu, wapi! Ulikuja kumudiwa na viwavi wa nondo aliyeletwa kutoka Argentina mwaka 1925. Mkulima aliyefikia kusubiri mdudu wa kuvuka bahari hajitegemei tena.

Na usugu si lazima uende na kusambaa. Muhogo hupandwa kwa pingili, hustahimili ukame, na hukaa ardhini mwaka na zaidi ukikusubiri (ule mchungu una sumu ya sianidi, lazima umenywe, ulowekwe na kukaushwa vizuri). Mbaazi huzaa zaidi ya msimu mmoja na kurutubisha udongo. Nyasi za vetiva ndizo nazipenda zaidi: aina zinazopandwa kuzuia mmomonyoko hazitoi mbegu za kuota, unagawa shina kwa mkono, na mizizi inashuka mita 3 na kupita. Ulipozipanda ndipo utakapozikuta.

Basi mnaotetea lukina na wenzake, nijibuni mawili. Msimu ambao haupo, nani atakata maganda? Na jirani ambaye miche imeotea upande wake, mlimuuliza lini?