Kujenga ndege ya vipande nyumbani: nianze, au ninunue iliyokwisha kuruka?

Rubani wa Jumamosi (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nina leseni ya rubani binafsi na kwa muda sasa nimekuwa nikirusha ndege za kukodi, lakini hamu yangu imehamia kwenye zile ndege za viti viwili ambazo kiwanda huziuza kwa seti za vipande, mnunuzi akaziunganisha mwenyewe nyumbani. Nimesoma maelezo ya watengenezaji na nimetazama picha nyingi za watu waliomaliza. Hata hivyo, kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kutoamua, kwa sababu waliomaliza ndio wanaoandika, na walioishia njiani husikika mara chache.

Ninayo karakana inayotosha magari mawili. Kazi za mikono haziniogopeshi, ingawa sijawahi kupiga ribiti, ile misumari mifupi ya kuunganisha mabati. Mwenzangu wa nyumbani hapingi wazo lenyewe, ila ameniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake: kazi hiyo itaisha lini, na mpaka hapo nitakuwa naruka na nini? Naomba mwenye uzoefu anieleze inahitaji muda kiasi gani kwa kweli, kama ni kweli kwamba kujenga ni nafuu kuliko kununua, ndege hizi zina usalama wa namna gani, na sheria inamtaka mjenzi afanye nini.

Fundi wa Jioni

Ndugu Rubani, mwenzako ameuliza swali zito kuliko yote manne uliyotuandikia, kwa hiyo nitaanza na hilo. Ndege ya alumini ya viti viwili, kwa seti ya kawaida ambayo matundu yake yametobolewa kiwandani, humchukua mjenzi wa mara ya kwanza saa 1,500 hadi 2,000, na wako wanaopita hapo kwa mbali kwa sababu ya vyombo vya kisasa vya rubani, rangi na mapambo ya ndani. Ukiweza kuipa saa 10 kila juma bila kukosa, saa 1,500 ni karibu miaka mitatu, na saa 2,000 zinakaribia miaka minne. Neno la kuangalia hapo ni "bila kukosa". Watu wengi hukadiria nguvu zao kwa juma zuri walilowahi kuwa nalo, kumbe wangepaswa kuzikadiria kwa juma ambalo mtoto ameugua na kazini kuna ripoti ya kukabidhi.

Ndiyo maana mimi huona kwamba anayeamua kujenga anaamua kwanza juu ya jioni zake, na ndege inakuja baadaye. Saa moja na nusu kila siku baada ya kazi hujenga ndege. Jumamosi moja nzima kwa mwezi haijengi, kwa sababu nusu ya siku huishia katika kukumbuka ulipoachia, kutafuta chombo ulichokiweka mahali pazuri mno, na kusoma upya ukurasa wa mwongozo ambao mwezi uliopita ulikuwa umeuelewa. Ikiwa karakana imo ndani ya uzio wa nyumba yako, una faida kubwa kuliko mtu mwenye ustadi zaidi ambaye lazima aendeshe gari hadi uwanja wa ndege ndipo ashike keekee.

Kuhusu kuruka, usiache. Wajenzi wengi husitisha kukodi ndege ili fedha ziende kwenye seti, na miaka michache baadaye hujikuta na ndege mpya ambayo haijawahi kuruka, mikononi mwa rubani ambaye naye amesahau kuruka. Fedha za kuruka mara moja au mbili kwa mwezi ziingize katika bajeti ya ujenzi tangu mwanzo, kama unavyoingiza injini.

Ustadi wa ribiti usikutishe. Shina la ribiti hupitishwa kwenye tundu, mmoja anapiga kwa bunduki ya upepo upande wa kichwa, mwingine anashikilia kipande kizito cha chuma upande wa pili, na kichwa cha pili kinaumbika hapo. Kipimo chake kinajulikana: upana mara moja na nusu ya kipenyo cha shina, kimo nusu ya kipenyo hicho. Isiyotimiza kipimo hutobolewa ikatolewa, ikapigwa nyingine. Mtu mwenye subira huifahamu kazi hiyo mapema. Kinachochosha ni yale yanayotangulia, yaani kusawazisha kingo za kila kipande, kulainisha kila tundu, kusafisha, kupaka rangi ya kuzuia kutu, na kurudia hayo kwa mamia ya vipande. Ukiwa mtu wa kupenda matokeo ya haraka, hapo ndipo utakapochoka, wala si kwenye hesabu au michoro. Angalia pia kwamba sehemu nyingi zinahitaji watu wawili, kwa hiyo "hapingi" ya mwenzako isikutoshe, umuulize kama yuko tayari kushika kile chuma.

Gharama nitaipitia upesi. Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mwili wa ndege tu, bila injini, rafadha, vyombo, nyaya, rangi wala zana, na injini pamoja na rafadha na vyombo kwa kawaida hupita bei ya mwili. Atakayekuambia kwamba kujenga ni nafuu hajaziweka saa zake katika hesabu. Nafuu ya kweli huja baadaye, katika matengenezo ambayo mjenzi huweza kuyafanya mwenyewe. Seti za kujenga haraka, ambazo mabawa na kiwiliwili hufika vimekwisha kuunganishwa kwa sehemu kubwa, hupunguza saa nyingi kwa kuongeza bei, na kwa mtu mwenye kazi ya kudumu mara nyingi hiyo ni biashara nzuri.

Ushauri wangu wa vitendo ni kwamba usiagize ndege. Agiza mkia. Watengenezaji wengi huuza seti kwa sehemu, na mkia ndio sehemu ndogo na ya bei ya chini, ingawa una karibu kila aina ya kazi utakayokutana nayo kwenye mabawa. Ukiumaliza ukiwa bado na hamu, endelea. Ukikaa ukutani bila kuguswa kwa miezi, umepata jibu lako kwa gharama ndogo, na mkia uliojengwa vizuri hupata mnunuzi. Kununua kwa sehemu kuna kinga nyingine pia. Mnamo Desemba 2023 Van's Aircraft, kampuni ambayo ndege zake za mfululizo wa RV zimejengwa kwa maelfu duniani, iliomba ulinzi wa mahakama ya Marekani dhidi ya wadai wake, na wateja waliokuwa wamelipa malipo ya awali wakatakiwa kukubali bei mpya za juu ili oda zao ziendelee. Kampuni ilitoka salama na inaendelea na kazi, lakini tukio hilo lilionyesha kwamba si busara kumwachia muuzaji fedha za vipande ambavyo hutavihitaji mpaka baada ya miaka miwili.

Mkaguzi Mstaafu

Naunga mkono yaliyosemwa juu ya mkia. Mimi nijibu upande wa sheria na usalama, ambao mwanzisha mada ameugusa kwa maneno machache lakini ndio utakaomlinda.

Kila nchi ina mamlaka yake ya usafiri wa anga, na kabla ya kulipa chochote lazima uiulize kwa maandishi kama inasajili ndege zilizojengwa na mtu binafsi, na kwa masharti gani. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Marekani, ambako sheria inataka sehemu kubwa ya kazi, ambayo watu huiita asilimia 51, iwe imefanywa na watu waliojenga kwa ajili ya kujifunza au burudani yao wenyewe. Kwa hiyo huwezi kumlipa fundi akujengee halafu ukaisajili kama ndege uliyoijenga. Mjenzi anatakiwa kuweka kumbukumbu na picha za hatua zake. Ndege ikishapata cheti cha kuruhusiwa kuruka, huanza kipindi cha majaribio katika eneo maalumu bila abiria, ambacho kwa kawaida ni saa 25 ikiwa injini na rafadha ni muungano uliokwisha kuidhinishwa, na saa 40 ikiwa sivyo. Uingereza, chama cha Light Aircraft Association husimamia kazi hii kwa idhini ya mamlaka ya nchi, na mkaguzi wake huja kutazama kazi hatua kwa hatua kabla sehemu hazijafungwa. Binafsi naupenda utaratibu huo wa pili, kwa kuwa kosa lililo ndani ya bawa lililokwisha kufungwa halionekani na mtu yeyote. Hata mahali ambapo sheria haikulazimishi, mwite mjenzi mwenye uzoefu atazame kabla hujafunga.

Kuhusu usalama, tuseme ukweli. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa mwaka 2012 utafiti wake juu ya ndege hizi na ikaona kwamba zinapata ajali, na ajali za vifo, kwa kiwango kinachozidi sehemu yao katika ndege ndogo zote. Visababishi vilivyoongoza ni kushindwa kwa injini na mifumo yake, na rubani kupoteza udhibiti hewani. Ajali nyingi zilitokea mapema katika maisha ya ndege, au mara tu baada ya kupata mmiliki mpya. Wanaouliza kama bawa litakatika wanaogopa mahali pasipo na hatari kubwa. Cha kuhofia ni mafuta yasiyofika kwenye injini, na rubani asiyeijua ndege yake. Kabla ya kuruka mara ya kwanza, pima mtiririko wa mafuta huku pua ikiwa imeinuliwa kama wakati wa kupaa. Kanuni inayotumika ni kwamba mfumo wa pampu utoe asilimia 125 ya mafuta ambayo injini huyahitaji kwa nguvu kamili, na mfumo unaotegemea mvutano wa dunia utoe asilimia 150. Jaribio lenyewe ni la ndoo, mizani na saa, na hakuna udhuru wa kuliacha.

Jambo la mwisho kwangu ni kufuata michoro. Mwanamuziki John Denver alifariki tarehe 12 Oktoba 1997 huko California akiwa katika ndege ya aina ya Long-EZ ambayo alikuwa ameinunua ikiwa imetumika. Mjenzi wake alikuwa ameihamisha swichi ya kuchagua tangi la mafuta kutoka mahali pa michoro na kuiweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Uchunguzi ulionyesha kwamba udhibiti ulipotea alipokuwa akijaribu kuifikia. Mabadiliko madogo, yaliyofanywa karakanani na mtu aliyekuwa na sababu zake nzuri, yalimfikia mtu mwingine kabisa.

Mnunuzi wa Pili

Mimi niseme upande ambao hamjaugusa. Mwanzisha mada anaweza kununua ndege ya aina hiyohiyo iliyokwisha kujengwa na kuruka mamia ya saa, akaanza kuruka mwezi huu. Kwa kuwa kazi ya mjenzi hailipwi kikamilifu sokoni, mara nyingi bei yake haizidi gharama za kuijenga upya, na wakati mwingine iko chini. Mambo mawili ayazingatie. Kwanza, amlipe fundi anayeifahamu aina hiyo aikague yote, kwa sababu hakuna ndege mbili za kujengwa nyumbani zinazofanana kabisa. Pili, afahamu kwamba kwa Marekani cheti cha kuidhinisha ukaguzi wa kila mwaka hupewa mjenzi na hakiuziki pamoja na ndege, kwa hiyo atamhitaji fundi mwenye leseni kwa kazi hiyo kila mwaka. Nilinunua kwa mtindo huu na sijutii, kwani kukaa jioni nzima na keekee hakujawahi kunivutia.

Rubani wa Jumamosi (mwanzisha mada)

Nawashukuru sana. Nimemwonyesha mwenzangu majibu haya, na amekubali kushika chuma kwa sharti kwamba makelele yaishe kabla ya saa tatu usiku. Kilichobaki ni swali la malighafi ya kujengea. Nimeona seti za mbao na za nyuzi za kioo, ambazo kelele zake zinaonekana kuwa ndogo. Je, kwa mtu wa mara ya kwanza zinafaa?

Fundi wa Jioni

Zinafaa, lakini kila moja ina masharti yake. Mbao na kitambaa ni njia ya kale yenye heshima. Pietenpol Air Camper, iliyobuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuendeshwa kwa injini ya gari la Ford Model A, inajengwa hadi leo kwa njia hiyo. Zana ni chache, kelele ni ndogo, ila mbao lazima ziwe za daraja la ndege, na unyevunyevu ni adui wa kudumu hata baada ya kumaliza. Nyuzi za kioo hutoa maumbo mazuri yasiyo na ribiti, ila utasugua kwa msasa mpaka uote ndotoni, na gundi za epoksi huwasababishia baadhi ya watu mzio ambao ukishaanza hauondoki. Glavu na hewa ya kutosha ni lazima tangu siku ya kwanza. Epoksi pia hutaka joto la wastani lisiloyumba inapokauka, kwa hiyo weka kipimajoto karakanani kwa majuma machache kabla hujaagiza chochote, usiku na mchana. Kikionyesha kuyumba sana, rudi kwenye alumini, na makelele ya bunduki ya ribiti uyapange mchana wa mwisho wa juma, huku jioni ukizitumia kusawazisha kingo na kupaka rangi, kazi ambazo hazimwamshi jirani na ambazo, kama nilivyosema, ndizo nyingi.