Armadilo wamefika hadi huku Missouri, baridi wanaivumiliaje?

MamaKasha: Wadau habarini. Niko Missouri, Marekani, na huku siku hizi armadilo (wale wanyama wenye gamba gumu mgongoni) waliogongwa barabarani ni wengi mno. Mi najua huyu ni mnyama wa Mexico na Texas huko kwenye joto, sasa huku theluji inaanguka anaishije? Halafu asubuhi naikuta bustani yangu ya mchicha ina vishimo vishimo, nahisi ni yeye. Watoto wakimshika ana madhara?

Mpanda_Ngazi: Ni yeye dada, ila mchicha hana habari nao, anachimba mabuu na minyoo. Hawa waliingia Texas kutokea Mexico kwenye miaka ya 1800, tangu hapo wanapanda tu, Oklahoma, Arkansas, hapo kwenu, na sasa wanaonekana hadi Nebraska, Illinois na Indiana. Baridi inawatesa kwelikweli maana manyoya hana ya maana, mafuta mwilini kiduchu, na hana ule usingizi wa msimu mzima wa baridi kama wanyama wengine wa huko, lazima atoke akatafute wadudu, kwa hiyo ardhi ikiganda muda mrefu anakufa njaa. Ila winta zimekuwa fupi na laini, ndo maana wanapata upenyo. Na wanazaliana, kila mzao ni watoto wanne wanaofanana kabisa, yai moja limegawanyika.

Juma wa Tulsa: Kugongwa ni kwa sababu akishtuka anaruka juu wima, gari ambalo lingempita juu bila kumgusa linamkuta hewani na bampa. Inaniuma sana kila nikiona, tupunguzeni spidi usiku jamani.

Nesi_Zai: Kuhusu watoto, wasimguse kabisa, hata akiwa amekufa. Baadhi yao wana bakteria wa ukoma. Msiogope kupita kiasi, watu wengi miili yao inajikinga na ukoma wenyewe unatibika kwa dawa, ila glavu ni lazima ukimwondoa uani.

Bin_Saidi: Huku kusini mwa Ontario, Kanada, tuna oposamu, mnyama wa ukubwa wa paka anayebeba watoto kwenye mfuko, naye katoka kusini. Anayekuja uani kwangu masikio yamekatika ncha kwa baridi na mkia ule usio na manyoya umekuwa mweusi mwishoni. Namwonea huruma lakini kila winta ikiisha namwona tena.

MamaKasha: Asanteni sana. Bustani je, nikiweka uzio wa waya si atachimba apite chini?

Mpanda_Ngazi: Atachimba, uzike futi moja au moja na nusu.