Naombeni ushauri: nipangeje njia za kukimbia milimani kusiko na vibao wala alama?

Mgeni wa Vilima (mwanzisha uzi)

Habari za humu wakuu. Nimehamia kijijini kikazi, milima kila upande. Nilikotoka nilikuwa nakimbia kwenye lami, kilomita 10 hadi 15 bila shida, na nusu marathoni nimeshamaliza. Huku barabara ni moja, nyembamba, malori yanapita kwa kasi na vumbi ni jingi, kwa hiyo nataka kuhamia kwenye vijia vya milimani.

Tatizo ni kwamba hakuna njia hata moja yenye alama. Kuna vijia vya kwenda mashambani, vya mifugo, vya kuchota maji, vinakutana na kuachana bila mpangilio ninaouelewa. Ramani ya kwenye simu inaonyesha vichache tu, na kimoja nilipokifuata nilikuta ni kichaka kitupu.

Nianze na umbali gani? Njia nizichague kwa kuangalia nini? Mimi ni mwanamke na mara nyingi nitakuwa peke yangu, naomba hilo mlizingatie. Nataka hii iwe sehemu ya maisha yangu huku, si ya wiki mbili halafu basi.

MguuMwepesi

Karibu sana dada. La kwanza, acha kupima kwa kilomita peke yake. Mlimani kilomita 10 zinaweza kuwa saa moja au zikawa tatu. Chama cha kimataifa cha mbio za njia za asili, ITRA, kina kanuni rahisi: chukua kilomita zako, kisha ongeza kilomita 1 kwa kila mita 100 unazopanda. Njia ya kilomita 12 yenye mita 700 za kupanda inahesabiwa kama 19. Wewe uliyezoea 10 hadi 15 kwenye lami, tafuta njia ambayo jumla yake haizidi 12 kwa mwezi wa kwanza.

Halafu kuna hesabu ya pili ambayo kwangu ni muhimu zaidi. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ya muda wa mtembeaji, na kwa vipimo vya leo ni takriban saa 1 kwa kila kilomita 5, pamoja na saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ile ile ya kilomita 12 inakupa kama saa tatu na nusu. Utaniuliza mkimbiaji anahitaji nini kwenye hesabu ya mtembeaji. Jibu ni kwamba kifundo cha mguu kikiteguka, utarudi ukitembea, tena kwa kuchechemea. Maji, chaji ya simu na mwanga wa jua vitoshe muda huo, si muda unaotarajia kukimbia.

Mistari_ya_Ramani

Naunga mkono, na niongeze upande wangu, ramani.

Ukiweza kupata ramani ya mwinuko ya 1:50,000, itafute kwa bidii. Sentimita 2 ni kilomita 1, na nyingi zimechorwa kwa kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) za kila mita 20. Chukua rula. Ukikuta unavuka kontua 5 ndani ya nusu sentimita, unapanda mita 100 ndani ya mita 250. Huo ni mteremko wa asilimia 40, hapo hukimbii, unatembea mikono ikisukuma mapaja. Kontua 5 hizo hizo zikitawanyika ndani ya sentimita 2, ni asilimia 10, na unaweza kukimbia kwa hatua fupi ukiwa bado unaweza kuongea.

Kisha tazama kontua zinapopinda mithili ya herufi V. Ncha ikielekea juu mlimani, hilo ni bonde na maji hupita hapo. Ikielekea kwenye tambarare, huo ni mgongo wa mlima. Mimi nachagua njia ya mgongoni karibu kila mara. Unaona mbele na nyuma, udongo unakauka mapema, na ukipotea una mahali pa kusimama ukatambua ulipo. Bondeni majani yanafunga, mawe yana ukungu, na mtu aliyepotea huvutwa kufuata maji kushuka akidhani yatamfikisha kwa watu. Mara nyingi yanamfikisha kwenye genge au maporomoko. Ukipotea, rudi nyuma hadi mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika napo, hata kama ni kupanda tena.

Kasoro ya mgongoni ni radi. Jua likipasha miteremko, hewa inapanda na mawingu yanajengeka kuelekea adhuhuri, kwa hiyo toka alfajiri kukishapambazuka na uwe umeshashuka kabla ya mchana. Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo ifike. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Zikiwa chini ya 30, shuka upesi, kaa mbali na mti uliosimama peke yake, na usirudi juu hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

KwenyeKasi

Mnamtisha dada wa watu. Siku hizi unapakua njia za wenzako, unaziweka kwenye saa ya GPS, unafuata mstari. Mimi nafanya hivyo kila mahali na sijawahi kusumbuka.

Mistari_ya_Ramani

KwenyeKasi, hiyo inafaa pale wengine walipokwishapita. Yeye ametuambia kijia cha kwenye ramani kilikuwa kichaka. Ramani nyingi za simu zinategemea OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, na kijiji ambacho hakuna aliyekichora kitabaki kitupu. Isitoshe, kwenye korongo jembamba mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta za miamba na saa inakuweka pembeni ya ulipo. Saa avae, na ramani aipakue kwenye simu kabla ya kutoka maana mtandao utakatika. Ila uamuzi wa kupita au kurudi aufanye kwa macho.

NyumaYaMbuzi

Mimi nimekulia mlimani, nimechunga tangu mdogo. Waulize wachungaji. Mchungaji anajua kijia kipi kinafika juu na kipi kinaishia malishoni. Vijia vya mifugo ndivyo vinavyowapoteza wageni: vinaanza vipana, vimekanyagwa vizuri, halafu vinachanua vidogo vidogo na kufifia kwenye majani kwa sababu mnyama akishafika kwenye malisho anatawanyika. Kijia cha watu kinabaki na upana ule ule, na kwenye mwinuko mkali kinakata kona. Angalia chini: udongo uliogandamizwa katikati, mawe yaliyong'aa kwa kukanyagwa, ngazi zilizochongwa kwa jembe. Ukiona kwato tu bila nyayo za watu, jiulize mara mbili.

Ukikuta mifugo, acha kukimbia, tembea, usipite kati ya ng'ombe na ndama wake. Mbwa wa mifugo akikujia, simama, zungumza kwa sauti ya kawaida, rudi nyuma taratibu bila kumpa kisogo.

Na usidharau baridi. Mei 2021 huko Gansu, China, mbio za kilomita 100 za milimani zilikumbwa na mvua ya barafu na upepo mkali, wakafariki wakimbiaji 21. Walikuwa watu wenye mazoezi kuliko sisi wengi humu, na koti la kuzuia upepo halikuwa kwenye vifaa vya lazima. Waliopona, sita aliwaokoa mchungaji aliyekuwa amejikinga pangoni. Joto hupungua kama nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na jasho likikutana na upepo unapoa ghafla. Koti jepesi libebe hata kukiwa na jua.

Mama_Asubuhi

Mdogo wangu, nakujibu kama mwanamke ninayekimbia peke yangu milimani. Wiki za mwanzo zitembee njia zako, usizikimbie, ikiwezekana na mwenyeji anayeheshimika. Watu wakuone, wakuzoee, wajue unapita kufanya nini. Salimia kila unayekutana naye. Salamu hiyo ndiyo ulinzi wako, kwa sababu siku usiporudi kuna mtu atakayesema "nilimwona akielekea kule".

Mwachie mtu mmoja njia yako na saa ambayo usipoonekana aanze kukutafuta, na saa hiyo muipange kwa hesabu ya MguuMwepesi ya kutembea. Njia na muda wa kutoka ubadilishe mara kwa mara, na usiweke mtandaoni unapopita ukiwa bado uko njiani. Vaa filimbi shingoni. Mlio wa kuomba msaada ni mara 6 ndani ya dakika moja, unanyamaza dakika moja, unarudia. Sauti ya mtu inakauka haraka, filimbi haichoki.

MguuMwepesi

Kitu kimoja tumekisahau: kushuka. Watu wa lami wanaogopa kupanda, kumbe kinachowalaza kitandani ni kushuka. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inavutwa huku ikijaribu kufunga breki, na maumivu yanakuja siku ya pili au ya tatu. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza upesi, kushuka kidogo leo kunakukinga wiki ijayo. Hatua ziwe fupi na za haraka, macho yawe mita tatu nne mbele, mwili usiegemee nyuma, maana ukiegemea nyuma kisigino kinateleza. Viatu viwe na meno marefu kwa tope. Kwenye jiwe lililolowa meno hayasaidii, hapo tembea.

Mgeni wa Vilima

Nimesoma kila neno, asanteni mno. Nimeshachagua mgongo wa mlima wa nyuma ya ninapokaa: kwenda na kurudi kilomita 8, mita 400 za kupanda, kwa hiyo 12 kwa ile kanuni, na kama saa mbili na robo nikitembea. Kuna mama wa jirani anayepanda kila asubuhi kwenda shambani, amekubali nifuatane naye. Wasiwasi wangu ni kijito kinachokatiza kwenye kilomita ya 3, hakina daraja.

NyumaYaMbuzi

Basi kwa sasa geukia hapo hapo, kilomita 6 zenye mlima zinatosha kuanzia. Kijito kinaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha juu huku wewe umesimama juani. Siku utakayovuka, chagua jiwe moja ukingoni ambalo maji yanaligusa tu. Ukirudi ukakuta limefunikwa, au maji yamegeuka rangi na kubeba majani, usivuke. Panda ukakae pakavu, vaa koti, subiri. Vijito vidogo vya milimani hujaa haraka na mara nyingi hupungua ndani ya saa chache. Na muulize huyo mama yeye huvukia wapi mvua zikianza. Lazima anapo mahali pake.